Mashine yetu ya maji ijioshe mara ngapi? Yaliyonipata Bamburi

Nilipoagiza gunia la nne la chumvi kabla ya mwezi kwisha, hamali aliyelileta kwa mkokoteni alilitua mlangoni, akajifuta jasho na kuniuliza kama nimeanza kukausha papa. Hakuwa akinikejeli. Nani mwingine hununua kilo 200 za chumvi ya mawe kwa mwezi mmoja? Nilicheka naye, nikamlipa, kisha nikakaa kwenye ngazi nikapiga hesabu. Chumvi peke yake ilikuwa imenila zaidi ya shilingi elfu nne, na mashine yenyewe ya kulainisha maji, inayoila chumvi hiyo, ilikuwa haijatimiza siku thelathini tangu ifungwe.

Nianze nyuma kidogo. Nyumba yetu iko Bamburi, Mombasa, na wenye kuishi huku wanajua tumekalia nini. Chini ya miguu yetu ni mawe ya matumbawe, chokaa tupu, ndiyo maana kiwanda cha saruji kikajengwa hapa miaka ya 1950. Maji ya kaunti, yale yatokayo Mzima na Baricho, huja kwa zamu, na zamu yenyewe huwezi kuiwekea ahadi. Kwa hiyo tunategemea kisima. Maji yanayokaa ndani ya chokaa hutoka na chokaa.

Kwa miaka mingi tulivumilia. Birika lilikuwa na ukoko mweupe wa kubanduliwa kwa kisu. Koili ya hita ya bafuni nilikuwa nimeibadilisha mara tatu ndani ya miaka miwili. Sabuni ilitoa utando wa kijivu badala ya povu, na buibui langu jeusi likianikwa lilikuwa likikauka na vumbi jeupe kama limepigwa poda. Lakini aliyelalamika zaidi ni mavyaa, kwa sababu ya mbaazi. Mbaazi za nazi za asubuhi ya Jumapili zilikuwa zikichemka tangu alfajiri na bado zinagongana kwenye sufuria kama shanga. Alidhani muuzaji anatuuzia mbaazi za zamani. Kumbe maji magumu huzifanya kunde na mbaazi zikatae kulainika.

Fundi aliyetuuzia mashine ya kulainisha maji alituahidi maji yatakuwa matamu. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nalitaja mapema kwa sababu nimeona wengi wakiliingia. Sisi watu wa pwani tukisema "maji ya chumvi" tunachanganya mambo mawili. Kuna chumvi yenyewe, ile unayoionja ulimini kwa sababu kisima kiko karibu na bahari. Na kuna ugumu, yaani chokaa na magnesi, ambao hauonji sana lakini unauona kwenye birika na kwenye sabuni. Mashine hii inaondoa ugumu tu. Ndani yake kuna punje ndogo za resini, zinashika chokaa na magnesi na badala yake zinaachia sodiamu. Ladha ya bahari haiondoi hata kidogo; anayetaka hilo atafute mashine nyingine kabisa, ya kuchuja kwa msukumo mkubwa, na ni ghali zaidi. Mimi nililipa shilingi 82,000 za mashine na 6,000 za ufundi, nikaonja maji siku ya kwanza, nikataka kulia. Yalikuwa na chumvi vilevile. Lakini nilipoosha mikono, povu lilijaa hadi kwenye viwiko. Kazi ilikuwa imefanyika, ila si ile niliyoahidiwa.

Sasa kuhusu kujiosha. Punje za resini zikishashiba chokaa hazifanyi kazi tena mpaka zioshwe kwa maji ya chumvi kali yanayotoka kwenye pipa la pembeni. Sodiamu inarudi kwenye punje, chokaa inatolewa na kumwagwa. Mzunguko mzima kwenye mashine yetu huchukua karibu saa moja na nusu, na wakati huo maji yanayoingia ndani ya nyumba hayalainishwi, yanapita kama yalivyotoka kisimani. Ndiyo sababu watengenezaji huipanga ijioshe usiku, watu wakiwa wamelala.

Kichwa cha mashine yetu, yaani sehemu ya juu inayoipangia kujiosha, ni cha aina ya zamani, cha saa. Kina gurudumu lenye pini 12, kila pini ni siku moja. Pini unayoisukuma nje ndiyo siku ya kujiosha. Fundi alizisukuma zote. "Maji yenu ni makali, dada, heri ijioshe kila siku," alisema, na akaongeza kishale cha chumvi mpaka kilo sita kwa kila muosho, ili tusije tukamlaumu. Sikumuuliza amepima nini. Hakuwa amepima chochote.

Kisha akauliza saa, ili aiweke saa ya mashine. Mwanangu alikuwa uani, akamjibu, "Saa nne." Fundi akakizungusha kishale mpaka kwenye 4, akafunga kifuniko, akanywa chai yake na kwenda zake.

Wewe unayesoma umeshaliona kosa. Mimi lilinichukua wiki tatu. Saa nne yetu ya asubuhi ni 10 kwa hesabu ya mashine, maana mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua. Ilikuwa nyuma kwa saa sita. Imeundwa ijioshe saa nane za usiku, 2 kwenye kioo chake, na ilipofikiri ni saa nane za usiku, sisi tulikuwa saa mbili za asubuhi. Mume wangu bafuni ana sabuni usoni, msaidizi ameloweka nguo, mavyaa anatawadha kwa ajili ya dhuha, na mashine inanguruma nyuma ya nyumba ikijiosha. Kila siku. Tulikuwa tunaoga maji magumu yaleyale ya zamani wakati wenyewe tunaohitaji maji laini, na usiku kucha maji laini yamekaa kwenye mabomba hayana mtumiaji.

Nililigundua Jumamosi moja niliposikia maji yakimwagika uani, nikadhani mtoto ameacha mfereji wazi. Nilifuata sauti mpaka kwenye bomba la kutolea uchafu, ambalo fundi alikuwa amelielekeza kwenye kitalu changu cha maua. Asumini mbili zilikuwa zimeshakuwa vijiti. Mlangilangi aliouotesha mavyaa mwaka aliooa mume wangu ulikuwa umepukutisha majani yote. Mnazi wa karibu haukuwa na habari, mnazi umezoea chumvi. Sikujua nianze kumwambia nini mavyaa. Nilimwambia ukweli, na kwa siku mbili alinisemesha kwa kupitia watoto.

Kwa hasira nikatumbukia upande wa pili. Nilirudisha pini zote ndani isipokuwa moja, yaani mara moja kwa siku 12, nikarekebisha saa, nikajiona hodari. Siku tano za kwanza mambo yalikuwa safi. Siku ya sita au ya saba povu likapungua, siku ya nane utando wa kijivu ukarudi kwenye beseni. Chumvi nilikuwa nimeokoa, lakini nusu ya mwezi tulikuwa na pipa la kifahari lisilofanya kazi. Koili mpya ya hita ilikuwa tayari imeanza kuota magamba.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, mstaafu, ambaye kwa miaka alikuwa akitunza mitambo ya dobi kwenye hoteli za ufukweni. Nilikwenda kwake na sahani ya kaimati, nikamwamkia, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mashine haijui siku. Inajua imekula chokaa kiasi gani." Akataka nimpe mambo matatu: ugumu wa maji, lita tunazotumia kwa siku, na ukubwa wa resini. Sikuwa na hata moja.

Ugumu nilipima kwa pakiti ya matone inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa ya kuogelea. Unachukua maji kidogo, unatia dawa yanageuka mekundu kama juisi ya zambarau, halafu unahesabu matone mpaka yageuke buluu. Kwa pakiti yangu kila tone lilisimama kwa miligramu 20 kwa lita. Nilihesabu matone 21, sawa na 420. Kuanzia 180 kwenda juu maji huitwa magumu sana, kwa hiyo hapo tulikuwa tumepitiliza mara mbili na zaidi. Pima maji yanayoingia, kisha pima yanayotoka: maji yaliyolainishwa vizuri hugeuka buluu papo hapo, bila tone la kuhesabu. Na upime zaidi ya siku moja. Siku tulizopata maji ya kaunti yakachanganyika tangini, matone yalipungua karibu nusu.

Lita tulizijua kwa tangi. Tulilijaza la lita 1,000 usiku, pampu tukaizima, tukaangalia kesho yake wakati uleule. Tuko watu sita, na kwa siku tatu tulizopima tulitumia karibu lita 700 kila siku. Resini ni lita 25, imeandikwa ubavuni mwa mtungi. Ilikuwa hapo muda wote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Miligramu 420 mara lita 700 ni gramu 294 za ugumu kwa siku. Kisha inakuja sehemu ambayo fundi hakuniambia, na ndiyo iliyonifungua macho: uwezo wa resini unategemea chumvi unayoipa, lakini hauongezeki sambamba nayo. Lita 25 zikioshwa kwa kilo mbili na nusu za chumvi zinaweza kushika karibu gramu 1,100. Zikioshwa kwa kilo nne, kama 1,400. Zikioshwa kwa kilo sita, kama 1,700. Tazama hapo: kutoka kilo mbili na nusu hadi sita umezidisha chumvi zaidi ya mara mbili, na kazi imeongezeka kwa nusu tu. Chumvi nyingine inapita na kwenda kuua asumini.

Tulikaa barazani na kalamu. Kwa kilo nne, 1,400 gawanya kwa 294 ni siku nne na ushei. Mzee akasema tuchukue nne, ushei uwe akiba, kwa sababu kisima chetu kina chumvi yake ya asili na hiyo inaifanya resini ishike pungufu kidogo, na kwa sababu siku ya wageni haiishii lita 700. Kwenye gurudumu la pini 12, siku nne inaingia vizuri: ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Angekuwa na kisima cha gharama, alisema, angefikiria kilo sita kila siku tano ili aokoe maji. Mwenye chumvi ghali na maji mengi angeshuka hadi kilo mbili na nusu kila siku tatu. Kila mmoja na mfuko wake.

Nilitaka pia kujua maji yanayomwagwa. Nikaweka bomba la kutolea ndani ya pipa la lita 200, muosho mmoja ukalifikisha karibu na ukingo, tuseme 190. Enzi ya kila siku tulikuwa tukimwaga lita 5,700 kwa mwezi, katika mji ambao watu wanasukumiwa maji kwa madumu ya lita 20. Mzee alitikisa kichwa na kuniambia jambo jingine. Huku kwetu maji baridi ya kisima yanaelea juu ya maji ya bahari, na ukivuta kupita kiasi ya chini yanapanda. Huenda ndiyo maana mwezi ule hata chai ilikuwa imeanza kuwa na ladha ya pweza.

Sasa mashine inajiosha mara saba au nane kwa mwezi. Chumvi ni kama kilo 30, gunia moja linavuka mwezi na nusu, na kwa bei niliyokuwa nikinunua ya shilingi 1,100 ni 660 kwa mwezi. Bomba la kutolea nimelihamisha mbali na kitalu. Lilinigharimu shilingi 1,800 za mabomba na siku nzima ya kuchimba mawe.

Lakini siku nne si mwisho wa habari, kwa sababu Mombasa ina mambo yake.

Stima ikipotea, saa ya mashine inasimama. Ikirudi, inaendelea pale ilipoachia. Kukatika kwa saa tatu mara mbili kwa wiki, na baada ya wiki mbili mashine inajiosha mchana kweupe tena. Kila Ijumaa baada ya chakula naenda nyuma ya nyumba na simu mkononi kulinganisha. Nimebandika karatasi kwenye kifuniko: "Ongeza au punguza SITA", kwa maandishi makubwa, ili asije mtu mwingine akauliza saa na mwanangu akajibu.

Unyevu nao. Hewa yetu hugandisha chumvi pipani. Juu kunafanyika tabaka gumu kama saruji, chini yake patupu, na ukifunua unaona pipa limejaa unashukuru. Kumbe maji hayagusi chumvi, na mashine inajiosha kwa maji matupu. Ishara ni moja: kama wiki mbili zimepita na kiwango cha chumvi hakijashuka, kuna kasoro. Chukua mpini wa ufagio, chomeka taratibu ukiupeleka chini mpaka uguse. Mimi sijazi tena zaidi ya nusu pipa, na naagiza gunia moja tu kwa wakati. Chumvi laini ya mezani usiitie kabisa, inashikana upesi. Ile ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni inafaa, ila ichague iliyooshwa. Ya kwanza niliyonunua rahisi ilikuwa na mchanga, ukaziba tundu dogo linalofyonza maji ya chumvi, na nilimlipa fundi mwingine shilingi 2,000 kwa kazi ya dakika kumi na sindano.

Safari. Tulikwenda Lamu kwa wiki tatu kwenye harusi, mashine ikabaki ikijiosha nyumba tupu, kwa kuwa kichwa cha saa hakijui kama mna watu au hamna. Ukisafiri, pitisha maji pembeni na uzime. Ukirudi, iamuru ijioshe kwa mkono kabla hujatumia, maana resini iliyolala ndani ya maji yaliyosimama kwenye joto letu huota vijidudu na harufu. Kwa sababu hiyohiyo, hata anayeishi peke yake na hesabu ikamwambia siku 25, asiiache ipite wiki mbili.

Ramadhani ndiyo iliyonichekesha. Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kuirudisha mashine kwenye saa nane za usiku, mwezi ukaandama, na saa nane za usiku nyumba nzima imeamka. Mmoja anaosha vyombo vya usiku, mwingine anapasha daku, mavyaa yuko kwenye udhu wa tahajudi. Mwezi ule nikaipeleka saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shule na waliobaki wamelala. Maana yake niliidanganya kwa saa saba, karibu sawasawa na alivyofanya yule fundi kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa futari ni wageni kila jioni, lita zikapanda hadi karibu 900, nikaongeza pini: kila siku tatu. Baada ya Idi nikazirudisha.

Limebaki suala la kunywa. Kwa ugumu wa 420, mashine inaongeza karibu miligramu 190 za sodiamu kwa kila lita, juu ya chumvi ambayo kisima kinayo tayari. Mavyaa ana presha. Maji ya kunywa na ya kupikia tunatumia ya kaunti, tunayoyahifadhi kwenye tangi dogo la jikoni ambalo halipiti kwenye mashine, na yakikatika tunanunua. Hilo nililifanya kwa kuchelewa, baada ya daktari wake kuuliza anakunywa maji gani nami nikababaika.

Mbaazi, hata hivyo, tunaziloweka usiku kwenye maji ya mashine. Asubuhi mavyaa anayamwaga, anaziosha, anazichemsha kwa ya kaunti na kumalizia kwa tui. Zinaiva kabla mahamri hayajaumuka. Juzi alinifunulia sufuria nizione, akasema zimeiva vizuri, kisha akaangalia dirishani kule kwenye kitalu na hakuongeza neno.

Kichwa chenye mita, kinachohesabu lita badala ya siku na kuacha kujiosha watu wakiwa hawapo, niliulizia bei: shilingi 34,000 bila ya kufunga. Bado naenda na simu yangu kila Ijumaa.